Shilingi Zangu za Mwaka Huu

Jumatatu, 3 Oktoba 1670. Boston.

Habari kubwa! Mabenchi ya nyumba ya ibada yanapangwa upya. Shemasi Pell alitangaza jana, kwa ile sauti yake ya puani, kwamba kabla mwezi haujaisha kila mtu atapewa nafasi mpya kulingana na umri wake, mali yake na heshima yake.

Kwa sasa mimi, Eliphalet Stubbs, fundi wa bati, mtengenezaji wa vijiko na vifungo visivyo na mfano bandarini hapa, nakaa benchi la tisa, nyuma ya nguzo. Miaka yote hii namsikia mhubiri, sijawahi kumwona. Huenda ana ndevu. Jabez Thorne, mtengeneza mishumaa wa nyumba ya pili, anakaa la saba. La saba! Mtu anayenuka mafuta ya ng'ombe hadi kwenye kofia!

Asubuhi kaja dukani kununua kijiko. Kimoja, mkono wa birika yule. Akaniambia amenong'onezwa kwamba anapandishwa hadi benchi la tatu, na kwamba huko mbele mtu haitwi Ndugu tena, anaitwa Bwana. Akalijaribu mdomoni, "Bwana Thorne," mara mbili, kisha akaondoka bila kulipa.

Basi nami nitakaa la pili. Nimeamua. Bwana Stubbs. Linatoka vizuri zaidi.

Nimemweleza mke wangu, Mehitable. Kauliza nataka kwenda mbele kufanya nini, mbona usingizi wangu unanitosha hukohuko nyuma. Ni mke mwema lakini haoni mbali.

Jumanne, 4 Oktoba

Nimepata mbinu! Sadaka!

Kila Jumapili alasiri tunasimama mmoja mmoja kwenda mbele kuweka sadaka katika sanduku la shemasi, na macho yote ya mji yako pale. Wengi huweka kikaratasi cha kuahidi mahindi. Thorne huweka mshumaa, tena mfupi. Fedha yenyewe haionekani kabisa. Mji huu tunalipana kwa samaki mkavu na misumari. Sasa aje mtu, atembee polepole, aangushe shilingi tatu za fedha, moja baada ya nyingine. Mlio wake tu! Shemasi atajua mara moja nani ana mali na nani ana mishumaa.

Tatizo dogo: shilingi tatu sina. Nina moja, niliyopewa na baharia kwa vijiko sita.

Nimepita kwenye nyumba ya kufulia shilingi kuuliza. Unapeleka fedha yako, kikombe kilichopasuka au sarafu za Kihispania, wanaiyeyusha, wanakupa shilingi zenye mti wa msonobari. Vizuri. Lakini katika kila ishirini wao wanabaki na zaidi ya moja! Kwa kazi gani? Kuyeyusha na kugonga! Kazi ambayo mimi naifanya huku nakula. Niliwaambia pale mlangoni kwamba huo ni wizi wa mchana. Walifunga mlango.

Sawa. Nitajitengenezea mwenyewe. Si udanganyifu hata kidogo: fedha halisi, uzito kamili. Nawapunguzia kazi tu.

Fedha iko. Mehitable ana kikombe cha marehemu mama yake, kilichovuka bahari kutoka Uingereza kikiwa kifuani mwa yule bibi. Kimekaa kwenye kasha, kimefungwa katika kitambaa cha sufu, hakinywewi, hakishikwi. Mara moja kwa mwaka anakitoa, anakitazama, anakirudisha. Kitu kikae bure hivyo wakati benchi la pili linaningoja? Nitakiazima.

Jumatano, 5 Oktoba

Siku nzima kwenye kalibu. Upande mmoja mti, upande wa pili alama ya kumi na mbili, maana shilingi ni peni kumi na mbili, na mwaka juu yake. Mti umenisumbua. Wa kwanza ulitoka kama mfupa wa samaki. Wa pili kama ufagio. Nimechagua ufagio.

Halafu nikagundua jambo ambalo fundi wa kawaida lisingempitia kichwani. Shilingi ya yule baharia imeandikwa 1652. Kwa kweli kila shilingi niliyowahi kuiona ilikuwa ya 1652. Ni wazi kwamba mwaka ule walifua nyingi mno. Mjinga angenakili tu, akaja kanisani na shilingi inayong'aa kama jicho la samaki mbichi, ina umri wa miaka kumi na minane! Angekamatwa palepale. Mimi nimeandika 1670.

Hapo ndipo akili inapotofautiana na akili.

Alhamisi, 6 Oktoba

Siku ya mahubiri ya katikati ya juma, na soko. Mehitable alikwenda kuuza vijiko. Nikabaki, nikasema tumbo linaniuma.

Nimekitoa kikombe. Kidogo, chepesi, mdomoni kimebonyea kidogo, pengine kwa meno ya mtoto wa zamani sana, pengine Mehitable mwenyewe. Nikasimama nacho mkononi. Roho iliniuma, sitaficha. Kisha nikasikia Thorne anaimba zaburi nyumbani kwake, kwa sauti ya mtu wa benchi la tatu, na kikombe kikaingia motoni.

Shilingi kumi na mbili! Nzuri mno! Nimezipima na ile ya baharia, uzito uleule, punje kwa punje. Ukitazama kwa mbali ufagio ni mti kabisa.

Ndani ya kitambaa cha sufu nimeweka kikombe cha bati cha umbo lilelile. Mehitable hakitoi hadi mwezi Machi. Kufikia Machi atakuwa mke wa Bwana, hatakumbuka habari za vikombe.

Jumamosi, 8 Oktoba

Mehitable anapika maharage ya kesho. Thorne kaja kuazima moto, akakuta naving'arisha viatu. Kaniuliza navipaka vya nini, kule nyuma ya nguzo nani atavitazama. Nikamwambia aje kesho na macho yake yote mawili. Kasema yake anayo siku zote, ni yangu yanayofumba mhubiri akifungua kinywa. Mehitable alicheka. Nilimwangalia, akageukia chungu.

Jumatatu, 10 Oktoba

Jana sikuandika, ilikuwa siku ya Bwana. Lakini jana! Jana!

Zamu ya benchi la tisa ilipofika nilisimama wa kwanza. Nikatembea katikati taratibu, kizibao changu nimekifunga hadi kooni. Thorne alikuwa amekwisha kuweka kishumaa chake, amekaa. Nikafika sandukuni. Moja: kling! Nikangoja. Mbili: kling! Mzee wa fimbo, ambaye kazi yake ni kuamsha wanaolala, aliamka. Tatu: kling!

Shemasi Pell akaokota moja, akaisogeza karibu na pua, akaisogeza mbali. Nyusi zikapanda hadi kwenye nywele. Akaniuliza polepole nimeipata wapi. Nikamjibu kwa sauti ya kusikika hadi roshani kwamba mimi sadaka zilizochakaa sitoi, hizi ni mpya, za mwaka huuhuu. Akasema, "Naona." Akatazama tena akasema, "Naona, Ndugu Stubbs." Kisha akauliza kama nitakuwepo nyumbani Jumanne asubuhi, maana angependa kuja. Yeye na Konstebo Wragg.

Wote wawili! Shemasi kuhesabu mali, konstebo kuwa shahidi. Kwa Thorne wala hakuna aliyekwenda.

Nimerudi nimemwambia Mehitable apike kitu cha maana, wanakuja kutupima heshima. Alikuwa upande wa wanawake, hakuona vizuri. Akaniuliza ni shilingi gani hizo na zimetoka wapi. Nikasema za biashara. Akanyoosha mkono. Nikampa moja, maana nilitaka aione.

Akaitazama. Akakaa chini kwenye kibao.

Aliongea taratibu kama anayemweleza mgeni njia. Kwamba shilingi zote za mji huu zinaandikwa 1652. Zote. Zilizofuliwa mwaka ule, zilizofuliwa mwaka jana, zilizofuliwa Ijumaa iliyopita. Kwamba zilipoanza, Uingereza haikuwa na mfalme wa kuuliza. Sasa yupo, na kufua fedha bila idhini ya mfalme si jambo la kutangaza. Basi wakubwa wetu wanaandika mwaka uleule wa zamani, ili London ikiuliza, waambiwe ni masalia tu. Kila mtu anajua. Watoto wanajua. Kuku wanajua.

Yaani mji mzima unadanganya mwaka kwa pamoja, na mimi peke yangu nimesema kweli!

Akasema shilingi, peni sita, peni tatu, zote ni hivyo, ila peni mbili ndiyo yenye mwaka wake, 1662, kwa sababu ilikuja baadaye kwa... Sikumsikiliza hadi mwisho. Mtu anayetembelewa na konstebo hana muda wa chenji. Nilikuwa nafikiria masikio yangu. Mwenye kughushi fedha, inasemwa, huondoka mahakamani na kichwa chepesi pande zote mbili. Masikio yangu ni mazuri. Ndiyo uzuri pekee niliorithi kwa baba.

Kisha Mehitable akauliza fedha yenyewe niliitoa wapi. Akainuka, akaenda kwenye kasha, akafungua kitambaa cha sufu. Alikishika kile kikombe cha bati kwa muda mrefu. Hakulia. Afadhali angenipiga na kinu. Nilitaka kusema nimekosa, lakini kilichonitoka ni kwamba cha bati ni imara zaidi.

Akarudisha kikombe kile kwenye kasha, akaniambia niwashe moto wa kulehemu na nilete shilingi zote zilizobaki, pamoja na kizibao changu cha Jumapili. Na nisizungumze.

Jumanne, 11 Oktoba

Wamekuja. Nitaandika yote, maana ni siku kubwa katika maisha yangu.

Shemasi Pell mbele, Konstebo Wragg nyuma na rungu lake, na nyuma ya konstebo, nani? Thorne! Kaja, kwa maneno yake, kama jirani mwenye uchungu. Meno yote nje.

Nilikuwa nimesimama katikati ya nyumba, kizibao kimenikaa, na kifuani shilingi zangu tisa zimepangwa kutoka kidevuni hadi kitovuni, kila moja na kitanzi cha kushonea mgongoni. Mehitable alizishona hadi uji wa asubuhi ukaungua.

Shemasi akazitoa zile tatu, akaanza habari ya kughushi. Mehitable akamkaribisha kiti. Akamwomba radhi kwa mumewe, kwamba ni mtu wa kazi nyingi na maneno machache. (Mimi!) Akasema mume wake ni fundi wa vifungo, mji mzima unavaa vifungo vyake vya bati, na sasa amejaribu vya fedha. Seti ya kumi na mbili. Vitatu vya kwanza akavitoa kwa Mungu kama malimbuko ya kazi ya mikono yake, na tisa ndivyo hivi. Je, kuna mtu aliyemsikia akisema ni shilingi?

Shemasi akafikiri. Akasema hapana, alisema ni mpya, za mwaka huu. Akauliza hii alama ya kumi na mbili ni ya nini. Mehitable akamjibu kwa upole kwamba seti ni ya kumi na mbili, na kwamba hata makabila ya Israeli yalikuwa kumi na mawili, shemasi analijua hilo kuliko yeye. Shemasi akasema bila shaka analijua.

Konstebo akauliza, na mti? Mehitable akasema mti gani, huo si ufagio?

Wakausogeza dirishani. Wakakubaliana ni ufagio.

Hapo ndipo akamaliza kazi. Akamwuliza konstebo, katika maisha yake yote amewahi kuona shilingi ya hapa imeandikwa 1670? Konstebo akasema hata siku moja. "Basi," akasema Mehitable, "si shilingi."

Mnaona? Mwaka wangu! Ule mwaka niliochekewa ndio ulioniokoa! Ningeandika 1652 saa hii ningekuwa nasikia kwa pua. Nilijua tangu mwanzo.

Shemasi alipima zile tatu, akakuta uzito kamili na fedha safi, akasema sadaka imepokelewa. Konstebo akaangusha rungu lake upande kwa masikitiko. Tulikuwa tumeshamaliza. Mehitable alikuwa ameshawafungulia mlango.

Ndipo Thorne akakohoa. Akasema yeye anafurahi sana kwa ajili ya jirani yake, ila anauliza tu, sheria ya mavazi si ipo bado? Ile inayosema mtu asiye na mali ya pauni mia mbili haruhusiwi kuvaa vifungo vya fedha?

Wote wakanitazama kifua. Konstebo akachangamka, akaliokota rungu. Shemasi akaniuliza, kwa upole kabisa: mali yangu inafika pauni mia mbili, au niko chini ya hapo?

Mehitable akanikanyaga mguu. Nilielewa. Alitaka niseme niko chini, nilipe faini ndogo, yaishe. Lakini Thorne alikuwa amesimama pale, mbele ya shemasi, wiki mbili kabla ya kupangwa mabenchi! Niseme mbele ya muuza mishumaa kwamba mimi si wa pauni mia mbili?

Nikavuta kizibao. Nikasema mia mbili, na ushee.

Mehitable akakanyaga mguu wa pili.

Shemasi akaandika. Akaeleza kwamba katika hali hiyo hakuna faini kabisa, vaa vifungo vyako kwa amani. Ila kuanzia sasa kodi ya mji nitatozwa kama mtu wa pauni mia mbili. Mlangoni akageuka, akasema, "Siku njema, Bwana Stubbs."

Bwana! Na Thorne akisikia! Uso wake uliyeyuka kama bidhaa zake.

Mehitable hajazungumza nami hadi sasa. Nadhani ni furaha.

Ijumaa, 14 Oktoba

Mehitable amekata vifungo vyote tisa kwenye kizibao changu nikiwa nimelala. Amekwenda kwa mfua fedha, naye akaviyeyusha, akamtengenezea kikombe. Amekileta jioni. Kidogo, kinajaa kwa mafunda mawili, kwa kuwa robo ya kile cha mama yake imebaki katika sanduku la shemasi. Mdomoni alimwambia fundi akibonyeze kidogo, kama kile cha zamani. Amekifunga katika kitambaa cha sufu.

Nilimwambia kimependeza. Alinitazama akasema nisikiguse hata kwa macho. Nikamwahidi kwa moyo wangu wote. Naumia nikikumbuka alivyokishika kile cha bati, na sitaki kuliona tena jambo lile.

Kizibao sasa nakifunga kwa kamba. Cheo hakiko kwenye vifungo.

Jumatatu, 24 Oktoba

Mabenchi yamesomwa jana.

Thorne, la tatu. Nitasema mengi juu ya hilo siku nikitulia.

Mimi, la kumi. Nilidhani shemasi amekosea kusoma, nikasimama, mzee wa fimbo akanikalisha. Baada ya ibada nikamfuata Shemasi Pell, nikamkumbusha habari ya pauni mia mbili. Akasema kwa mali nilistahili la tatu bila ubishi, na kwa umri la tano. Lakini kamati ya kupanga mabenchi hupima na busara pia. Kisha akaniita Bwana Stubbs tena, kwa heshima zote, akaenda zake.

Mehitable wamempa la pili upande wa wanawake. La pili! Wanasema ni mwanamke wa akili nyingi ajabu. Naona kamati imemtambulia mumewe kupitia kwake, ni njia yao ya kufanya mambo kwa adabu.

La kumi si baya. Nguzo haipo. Nimemwona mhubiri. Hana ndevu.

Alhamisi, 27 Oktoba

Kodi imeletwa. Nimeisoma nimekaa, nikaisoma nimesimama. Kumbe pauni mia mbili ni ghali hivi!

Mehitable anasema tutailipa kwa mahindi na vijiko, kidogokidogo, hadi masika, na kwamba mimi nifunge mdomo wangu hadi masika hayohayo. Lakini nimesikia Thorne atalipa ya kwake kwa fedha taslimu, mezani, mbele ya wakubwa wa mji. Kwa fedha! Na Bwana Stubbs aje nyuma yake na gunia la mahindi?

Wanaosema mimi sijifunzi waje waone. Kosa langu nimelichunguza kwa makini, nimelipata, ni moja tu: mwaka. Kazi ilikuwa safi, uzito safi, hata ufagio si mbaya. Mwaka ndio. Na tamaa kidogo, kutaka shilingi nzima nzima, vitu vikubwa vinavyotazamwa. Mtu mwenye busara anaanza na vidogo visivyoulizwa na mtu. Peni mbili! Nani amewahi kuichunguza peni mbili?

Kalibu mpya imekamilika, ndogo, nzuri. Mti safari hii umefanana na mti. Na mwaka nimeuchonga wa kwanza kabisa, kabla ya kitu kingine chochote, kwa tarakimu nene ambazo hata konstebo ataziona akiwa barabarani: 1652.

Mehitable amekwenda sokoni. Nimesema tumbo.

Kikombe kile ni kidogo, kweli. Lakini peni mbili nazo ni ndogo.